Shuka ya Mzee Elieza

Kwa kusimulia kisa cha upelelezi, kuanzia Gongoni hadi Nzega hayupo wa kunifikia. Nikifungua mdomo, hata muuaji mwenyewe huacha kukimbia, akakaa kitako asikie kama atakamatwa. Ila mara ya mwisho niliposimulia hiki nilimtaja muuaji kabla sijamtaja maiti, watu wakaondoka na vigoda vyao. Leo nitajibana. Tuanze na maiti.

Maiti alikuwa Mussa, mkulima wa Lusu, mtu mwenye mabega mapana na ngiri iliyovimba kama boga. Alikwenda kupasuliwa kwenye hospitali ndogo iliyokuwa nyuma ya stesheni ya Tabora enzi za Mwingereza, ambayo siku hizi haipo tena, na waliotibiwa pale hawaililii. Akapasuliwa, akashonwa vizuri, halafu tumbo likaoza. Lilianzia kwenye mshono, likatoa usaha wa kijani wenye harufu tamu kama embe lililoachwa juani, mpaka wagonjwa wenzake wakaomba walazwe nje kwenye kuni. Mussa alikufa akimwita mama yake. Mama naye alikuwa amekufa zamani, kwa hiyo hakuja.

Mwenye kesi alikuwa Sajini Masolwa, askari kanzu, mzaliwa wa Nzega, mwembamba kama fimbo ya kuchungia. Asubuhi hiyo alikaa juu ya debe lililopinduliwa mbele ya lokapu akivunja karanga. Hakuwa na njaa, alikuwa ameshakunywa chai na vitumbua. Zile karanga alizileta kwa ajili ya mtu aliyekuwa upande wa pili wa nondo, azisikie zikivunjika.

Mtu huyo alikuwa Anselm, dresa wa chumba cha upasuaji. Kazi yake ilikuwa kupaka dawa kwenye ngozi ya mgonjwa kabla daktari hajaweka kisu. Kesho yake angesomewa shtaka la kumuua Mussa, na shtaka lile mwisho wake ulikuwa kamba.

"Ulimchukia Mussa," Masolwa alisema.

"Nilimchukia, afande."

"Kwa ajili ya Siwema."

"Ng'ombe wangu walikuwa wameshafika kwao. Akaja yeye na ng'ombe wanono zaidi, wangu wakarudishwa. Mmoja alirudi anachechemea."

"Ukaona umlipe. Ukamtia uchafu tumboni."

"Afande, sikujua hata kama ni yeye! Mle ndani mgonjwa amelazwa usingizi, uso umefunikwa. Mimi naona tumbo na naona mkono. Mkononi amefungwa kitambaa. Kikiwa cha kahawia, napaka iodini. Kikiwa cheupe, napaka ile dawa mpya. Basi."

"Mtu unamchukia hivyo, usimjue amelala mbele yako?"

"Niliuchukia uso wake, afande. Tumbo lake tulikuwa hatujajuana."

Masolwa alitaka kucheka, akajizuia, akamtupia ganda la karanga badala yake. Wakati huo akaingia Siwema mwenyewe, mjane wa Mussa, kajifunga kaniki, mkononi bakuli lililofunikwa kwa sahani. Alikuwa akilileta kila siku tangu Anselm akamatwe.

"Mpe, afande. Mwambie amalize yote."

"Mama, si wewe unayesema huyu kakuulia mume?"

"Ndiye."

"Na unampikia?"

"Namnenepesha. Sitaki afe njaa humo ndani akaikwepa kamba." Alimwangalia Anselm kwa kupitia nondo. "Kula, baba. Nimekutilia na karanga."

Anselm alikula huku analia. Na huyo mama alikuwa anajua kupika, jambo ambalo nalo lilimuuma.

*

Daktari Hallam alimpokea Masolwa barazani, anaosha mikono. Kiswahili alikijua, lakini alijifunza kwa watu waliokuwa na maumivu, kwa hiyo alijua zaidi maneno ya kuamrisha.

"Nieleze hayo mashindano yako, Daktari. Polepole, mimi si mtu wa dawa."

"Si mashindano. Ni kulinganisha." Alionyesha wodi ya wanaume kwa kidevu. "Vitanda safu mbili. Safu ya mlangoni, ngozi inapakwa iodini, ile ya kahawia, ya siku zote. Safu ya dirishani, dawa mpya kutoka Ulaya. Haina rangi, haichomi. Nataka kujua ipi inazuia kidonda kuoza. Wagonjwa hawajui kusoma, kwa hiyo alfajiri kila mmoja anafungwa kitambaa mkononi. Mlangoni kahawia, dirishani cheupe. Anselm anapaka kwa kufuata kitambaa."

"Na majibu?"

"Wa dirishani wanaoza."

"Wangapi?"

"Karibu wote."

Masolwa alimtazama. "Na ukaendelea."

"Sajini, ukishindanisha punda wawili, unawasimamisha njiani kwa sababu mmoja anachechemea? Ningesimama mapema, nisingejua kitu."

"Hao wa dirishani wanajua kama wako kwenye mbio?"

Daktari alijifuta kidole kimoja kimoja. "Wanajua wako hospitali."

Masolwa aliliacha lipite. Alikuwa ameajiriwa na Wazungu haohao.

"Kwa nini basi unamsema Anselm?"

"Kwa sababu Mussa alikuwa wa mlangoni. Kwenye iodini hajaoza hata mmoja, tangu nianze. Halafu anaoza yeye tu, kwa usaha uleule wa kijani wa dirishani. Iodini haibadiliki tabia kwa siku moja. Mtu ameingiza mkono, na mwenye mkono wa kupaka ni Anselm, na Anselm alikuwa na ugomvi naye. Mnataka nini zaidi?"

"Siku hiyo alipasuliwa nani mwingine?"

"Mzee mmoja, Elieza. Naye wa Lusu, naye ngiri. Huyo ni wa dirishani, na amepona!" Kwa mara ya kwanza uso wa daktari ulipata damu. "Mshono mkavu kama ngozi ya ngoma. Wa kwanza kupona bila usaha kutoka safu ile. Nimefurahi sana."

"Kwa hiyo siku moja, wa kuoza kapona, na wa kupona kaoza."

"Inatokea. Bahati."

"Daktari, mimi nikikuta mbuzi wawili, kila mmoja kwenye zizi la mwenzake, siiti bahati. Nauliza nani alifungua mlango."

Daktari Hallam alijibu kwamba yeye hafugi mbuzi.

*

Nyuma ya jiko la hospitali Masolwa alimkuta Twalibu, dobi, yuko kwenye mapipa yake anatukana. Hakuwa anamtukana mtu. Alikuwa anazitukana shuka.

"Unagombana na nani, mzee?"

"Na Mzungu! Anataka shuka zikae kama karatasi, zisimame zenyewe. Haya, nazitia wanga wa muhogo mpaka zinakauka kama bao. Kisha anawalaza juu yake watu waliopakwa ile iodini yao. Tazama!" Alivuta shuka moja kutoka kwenye rundo la chafu. Katikati ilikuwa na bakabaka jeusi lenye ubluu, kama wingu la masika. "Wino mtupu! Nikiitia maji ya moto inapotea, ikipoa inarudi. Inanicheka."

"Hiyo ni iodini? Iodini si ya kahawia?"

"Mimi nitajua wapi? Mimi nafua tu."

Masolwa alikwenda mwenyewe chumba cha upasuaji, akarudi na pamba iliyolowa iodini. Pembeni ya pipa kulikuwa na sahani ya dobi, ugali wa muhogo mweupe uliobaki. Akaikamulia pamba palepale. Tone lilianguka la kahawia, kufumba na kufumbua likawa bluu nyeusi.

"Wewe!" Twalibu aliruka. "Hicho chakula changu!"

"Nitakununulia kingine."

"Polisi hamnunui!"

Na ni kweli hakununua. Akili yake ilikuwa imeshafika kwenye rundo. Kila shuka ilikuwa na alama ya kitanda pembeni ili isiibiwe, za mlangoni kwa uzi mwekundu, za dirishani kwa uzi mweusi. Akazitandaza kwenye nyasi moja baada ya moja. Twalibu alikuwa anamfuata nyuma na sahani yake, anaomboleza.

Za uzi mwekundu, kila moja ilikuwa na lile bakabaka la wino. Za uzi mweusi hazikuwa na wino hata chembe. Hizo zilikuwa na kijani tu, na nzi.

"Shuka aliyofia Mussa iko wapi?"

"Ile siigusi. Nimeitundika kule kwenye miiba, mkaichome wenyewe."

Masolwa aliishusha kwa kijiti. Uzi mwekundu, kitanda cha mlangoni. Akaigeuza juu chini, akaisogeza kwenye mwanga, akaiinamia mpaka karibu pua iguse. Kijani. Harufu tamu. Wino hakuna, hata wa kuhesabia nzi.

"Na ya Mzee Elieza?"

"Iliyobadilishwa juzi? Hiyo umeikanyaga."

Aliinua buti. Uzi mweusi, kitanda cha dirishani, na katikati wino umetapakaa kama mtoto wa shule kamwaga kidau.

Akachuchumaa kati ya zile shuka mbili. Mussa wa mlangoni hakuwahi kupakwa iodini. Elieza wa dirishani ndiye aliyepakwa. Vitambaa vya mikononi vilibadilishwa kabla hawajaingia kwa daktari, kisha kila mtu akarudishwa kitandani kwake kana kwamba hakuna kilichotokea.

Twalibu alisema, "Umepata, basi? Mtamwachia yule dresa?"

Masolwa aliinuka, akakung'uta nyasi magotini. Tangu kwa daktari alikuwa ameanza kumwamini Anselm, akaja kutafuta kitu cha kumwokoa, na alichokipata kingemnyonga mapema zaidi. Kama dresa ndiye aliyebadilisha vitambaa, basi alijua dawa ipi inaozesha, akamchagulia adui yake. Bwana Mkubwa wa polisi angeona shuka hizi akamshukuru Mungu, akaenda kucheza tenisi.

"Inategemea nani alifungua mlango," alisema, akazikunja shuka zote mbili.

*

Mzee Elieza alikuwa ameketi juu ya kitanda chake cha dirishani, blanketi mabegani, anatafuna paja la kuku.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mwangaluka. Karibu kuku."

"Nimeshiba. Unaendeleaje?"

"Mimi? Mimi kijana! Wenzangu wote wa safu hii wamechakaa." Alishusha sauti, akaelekeza mfupa wa kuku kwa jirani aliyekuwa amegeukia ukutani, analia kwa ndani. "Yule anatoa utumbo mpya kila asubuhi. Mungu ananipenda."

"Ile siku ya kupasuliwa, ulikuwa na Mussa?"

Elieza aliacha kutafuna. "Tulikaa benchi moja, pale nje ya mlango wa upasuaji. Mtoto wa jirani yangu yule. Alinibeba mgongoni kutoka kwenye mkokoteni, na ngiri yake vilevile. Walitudunga ile sindano ya usingizi, kichwa changu kikawa kama nimelewa. Akaniambia, baba, niegemee."

"Kitambaa chako kilikuwa rangi gani?"

"Cha alfajiri? Cheupe. Baadaye sijui, macho yalikuwa yameshafunga."

"Mtu alikushika mkono ukiwa pale?"

"Alinishika. Nilidhani ni Mussa ananiaga."

"Anselm alitoka nje kwenu?"

"Hata. Yeye alikuwa ndani muda wote, nilikuwa namsikia anagonganisha mabakuli na kuimba. Anaimba vibaya, usingizi wangu ulichelewa kwa ajili yake."

"Nani mwingine hupita kwenye benchi lile?"

"Nani apite? Hupita mkwe wangu na chupa zake, basi."

Masolwa alikuwa ameshainuka nusu. Akakaa tena. "Mkweo?"

"Humjui? Wenceslaus, mchanganya dawa wa hapa! Kamuoa Josepha wangu." Mzee alijaa fahari mpaka blanketi likamwanguka. "Hii kuku ni yake. Kila siku ananitumia chakula."

"Huja kukuona?"

"Aje wapi? Wewe si wa Nzega? Mkwe atasimamaje juu ya kichwa cha mkwewe aliyelala, tumbo wazi? Yule ana adabu. Tangu nilazwe humu hajatia mguu wodini. Hata habari zangu haulizi kwa watu, anaona haya. Anatuma kuku, kuku anajisemea."

"Kwa hiyo asubuhi hii hajui umeamkaje."

"Atajua jioni, bakuli likirudi tupu."

Masolwa alitazama mshono wa mzee, mkavu, mzuri. Kisha akainama akamnong'oneza jambo refu sikioni. Elieza alitikisa kichwa kukataa. Masolwa akanong'ona tena, safari hii akimfunulia ncha za shuka mbili alizokuwa nazo kwapani, hii ya wino, hii ya kijani. Mzee alizitazama kwa muda. Paja la kuku akaliweka chini, akalifunika kwa sahani, asiliguse tena.

"Nishike mkono," alisema. "Naweza kutembea."

*

Wenceslaus alikuwa na chumba chake mwenyewe, chenye rafu, mizani na harufu. Kaptula yake ya kaki ilipigwa pasi ikakata hewa, kalamu mfukoni, kila neno akilitamka kama limetoka dukani leo.

"Karibu, Sajini. Tumesikitika mno kuhusu Anselm. Kijana mwenye wivu."

"Ndiyo dunia. Nionyeshe hiyo dawa mpya."

Ilikuwa kwenye chupa kubwa nyeusi yenye kizibo cha gome. Masolwa aliinyanyua, akaitikisa.

"Hii huoshwa lini?"

Wenceslaus alitabasamu. Kumbe lilikuwa swali alilolipenda. "Haioshwi. Ikibaki kidogo chini, naongezea mpya juu. Mama yangu alikuwa mpika pombe mashuhuri hapa mjini. Mtungi wake haukukauka hata siku moja. Anabakiza machicha, anamimina mpya, inashika upesi. Na dawa ni hivyohivyo. Ya zamani inaikoleza mpya. Jambo hilo Mzungu hakunifundisha, nimeliongeza mimi."

"Na iodini?"

"Hali kadhalika."

Masolwa alitoa kijiti mfukoni, akakizamisha kwenye chupa ya iodini. Kikatoka kisafi, cha kahawia, kinachoma pua. Akachukua kingine, akakizamisha kwenye ile nyeusi mpaka chini. Akakivuta taratibu. Kilitoka na uzi mrefu wa utelezi, mzito, unaning'inia kama mlenda. Akaunusa. Embe lililoachwa juani.

Wenceslaus aliutazama ule uzi, akaacha kuutazama, akaanza kuitazama mizani.

"Mama yako pombe yake ilikuwa tamu?"

"Watu walikuwa wakitoka mbali."

"Hata hii watu wanatoka mbali. Kurudi ndio shida." Masolwa alikifutia kijiti kwenye meza safi. "Umewahi kuhisi kwamba dawa hii ndiyo inayoozesha watu?"

"Mimi? Kamwe. Kama ina kasoro, basi leo ndio nasikia, kwako."

"Ungehisi, ungesema?"

"Papo hapo, Sajini. Mimi ni mtu wa taaluma."

"Na nani anapakwa ipi, unajua?"

"Hilo si langu. Mimi nachanganya, naweka chupa mezani, natoka. Mambo ya vitambaa ni ya dresa. Sijui nani anapakwa nini."

"Hata mkweo?"

"Hata mkwe wangu. Yuko safu ya dirishani, bila shaka alipakwa ya dirishani. Wodini siingii, kwa heshima yake. Wewe ni Mnyamwezi, unaelewa."

"Naelewa kabisa." Masolwa alivua kofia, akaishika kwa mikono miwili mbele ya kifua. "Bwana Wenceslaus, hebu kaa chini."

"Kuna nini?"

"Kaa, ndugu yangu. Nilitaka kwanza tumalize mambo ya serikali. Mzee Elieza… mshono umefumuka alfajiri. Usaha wa kijani. Walipomletea uji alikuwa ameshapoa."

Wenceslaus hakukaa.

"Hapana," alisema.

"Pole sana."

"Hapana. Umekosea mtu."

"Mzee wa Lusu, kitanda cha dirishani. Nimemfumba macho mwenyewe. Alikuwa bado ana kuku mdomoni, masikini."

"Haiwezekani!"

"Kwa nini isiwezekane? Wa dirishani wote wanaoza. Ni ile dawa tu, ndugu yangu, ilimchelewa kidogo."

"Hakupakwa hiyo!" Sauti ya dukani ilimtoka, ikabaki ya kijijini. "Alipakwa iodini! Yule alipakwa iodini, atakufaje? Mimi nili—"

Akasikia mwenyewe alichokisema.

Masolwa alivaa kofia yake, akaiweka sawa kwa kidole kimoja. "Endelea. Wewe uli… nini?"

"Nili… nilisikia."

"Kwa nani?"

"Watu. Watu wanasema."

"Watu gani? Daktari anasema alipakwa dawa mpya. Anselm hajui alimpaka nani. Mzee mwenyewe alikuwa usingizini. Na sasa hivi umeniambia hujui nani anapakwa nini."

Wenceslaus alilamba midomo. Unaweza kumwona mtu akitafuta uongo jinsi anavyotafuta ufunguo, anajipapasa kila mfuko.

"Niliona," alisema hatimaye. "Haya, nakiri, niliona. Niliingia wodini, nikamfunua shuka, tumbo lake lilikuwa la kahawia. Ndipo nikajua ni iodini. Nilikuficha kwa sababu ya aibu, Sajini. Kwetu mkwe hafanyi hivyo. Nimevunja heshima, hilo ndilo kosa langu, sina lingine."

"Ulimfunua mkweo tumbo."

"Kwa uchungu tu. Nilitaka kujua hali yake."

"Uliingia lini?"

"Siku ya pili yake. Asubuhi. Alikuwa macho, tulisalimiana hata."

Masolwa aligeuka tu, akausukuma mlango wa nyuma kwa mguu.

Mzee Elieza alikuwa amesimama pale uani, mkono mmoja ukutani, mwingine umeshika tumbo kwa juu ya blanketi. Alikuwa amesikia yote, na ile habari ya kufa kwake mwenyewe akiwa na kuku mdomoni. Magoti ya Wenceslaus yalijikunja yenyewe kabla hajayaambia. Alishuka mpaka sakafuni, macho chini, kama inavyompasa mkwe.

"Shikamoo, baba."

Elieza hakuitikia.

"Tangu nilazwe nimekaa pale dirishani natazama mlango," alisema. "Mchana kutwa, sina kazi nyingine. Natamani mkwe wangu akosee adabu, hata mara moja, aingie anisalimie, wenzangu wanione na mimi nina watu. Hukuingia. Nikawaambia wenzangu, mnaona heshima ile?"

"Baba, mimi…"

"Ulinisalimia lini, Wenceslaus? Mimi niliitikia nini?"

Mzee akasogea hatua moja, akaguna kwa maumivu, akasogea nyingine, mpaka miguu yake mitupu ikawa mbele ya uso wa mkwewe.

"Mussa alikuwa kaniegemeza begani pale kwenye benchi," alisema. "Mkono wake ulikuwa juu ya mkono wangu. Wewe ulianza kufungua kitambaa cha nani?"